Kipande Kinachobaki

Kutoka katika mzizi mmoja, Kiswahili kimezaa vitenzi vitatu ambavyo msemaji huvitumia kila siku bila kusita: gawa, yaani kutoa sehemu za kitu na kuwapa wengine; gawana, yaani watu kupeana sehemu hizo wao kwa wao, kila mmoja akiwa mpaji na mpokeaji kwa wakati mmoja; na gawanya, ambacho kwa umbo lake ni gawana kilichotiwa kiambishi cha kusababisha, hivyo maana yake ya ndani ni kuwafanya watu wagawane. Walimu wa hesabu walikichagua hiki cha tatu, wakakivua watu wake na kukiachia namba tupu, kiasi kwamba mwanafunzi anayeandika ishirini na moja gawanya kwa saba hawazi tena kwamba ndani ya neno hilo mna watu saba wanaosubiri haki yao. Ipo hata hivyo siku moja katika mwaka ambapo vitenzi vyote vitatu hukutanishwa juu ya mnyama mmoja na hesabu hulazimika kuwarudisha watu wake, nayo ni Idi ya kuchinja, inayoangukia tarehe 10 Dhulhija, mwezi ambao kalenda ya Waswahili wa pwani huuita Mfunguo Tatu kwa kuwa ni wa tatu tangu mfungo wa Ramadhani ufunguliwe.

Kwa kulitazama jambo hili kwa karibu, Nile Magharibi ni mahali pazuri, kwa sababu kona hiyo ya Uganda, inayopakana na Kongo upande wa magharibi na Sudan Kusini upande wa kaskazini, imezoea kugawanywa. Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, ni mji wa Walugbara. Koboko, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi ilipofanywa wilaya yenyewe mwaka 2005, ni nchi ya Wakakwa. Na katika miji yote miwili wanaishi Wanubi, kizazi cha askari waliokuwa chini ya Emin Pasha, gavana wa Ikwatoria ambaye katika miaka ya 1880 alikuwa na makao yake Wadelai kando ya Nile, na ambao ni miongoni mwa waliouotesha Uislamu katika eneo hilo. Waislamu wanaishi humo ukuta kwa ukuta na Wakatoliki na Waanglikana, na sokoni Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiswahili husikika katika mapatano ya bei moja.

Sheria ya kuchinja inamruhusu mtu mwenye uwezo mdogo kuchinja mbuzi au kondoo kwa nafsi yake na watu wa nyumba yake, lakini kwa ng'ombe na ngamia imeweka mlango wa ushirika: mnyama mmoja huwatosha watu saba. Msingi wa hukumu hii ni mapokezi ya mwaka wa 6 wa Hijria, unaolingana na mwaka 628, pale Hudaibiya, ambapo Mtume na wenzake walichinja ngamia kwa watu saba na ng'ombe kwa watu saba. Madhehebu ya Shafi, Hanafi na Hanbali yameichukua kama ilivyo, ilhali Malik hakuruhusu watu kuchangia bei ya mnyama mmoja. Kwa hiyo ng'ombe ambaye bei yake ingemwelemea mtu mmoja huweza kununuliwa na watu saba, na papo hapo, kabla kisu hakijanolewa, swali la kidini limegeuka kuwa swali la hesabu, kwani saba ni namba tasa.

Namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa namba nyingine yoyote isipokuwa moja na yenyewe, na jina lake la Kiswahili, lililochukuliwa kwa kiumbe asiyezaa, linaeleza vyema ukaidi wake, kwa kuwa namba kama sita huzaa mafungu ya mbilimbili na ya tatutatu, lakini saba haizai fungu lolote. Mshirika mmoja wa ng'ombe akijitoa usiku wa kuamkia Idi, waliobaki sita wanaweza kujipanga jozijozi. Wakirudi kuwa saba, hakuna namna ya kuwapanga katika makundi yaliyo sawa ila kumhesabu kila mtu peke yake. Huenda ndiyo sababu wapenzi wa mafumbo wameipenda saba kwa karne nyingi, na fumbo lifuatalo, ambalo kwa kawaida husimuliwa juu ya mayai katika kapu, linalingana na turubai la nyama ya Idi kana kwamba lilitungiwa hapo.

Ng'ombe wa watu saba amechinjwa na kukatwa vipande. Vipande vikipangwa viwiliviwili, hubaki kimoja. Vikipangwa vitatuvitatu, hubaki kimoja. Vivyo hivyo vikipangwa vinnevinne, vitanovitano na sitasita, kila mara hubaki kimoja. Lakini vikipangwa sabasaba, hakibaki hata kimoja. Je, vipande ni vingapi, kwa uchache?

Njia ya kulitatua fumbo hili huanzia kwenye kile kinachoitwa kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika bila baki kwa kila namba katika orodha fulani, na msomaji hatakosa kuona kwamba neno shirika lililomo katika istilahi hiyo ndilo hilohilo linalowaita watu saba washirika. Kigawe kidogo cha shirika cha mbili, tatu, nne, tano na sita ni 60. Basi namba inayoacha baki ya moja kwa zote tano haina budi kuwa 60 au kigawe chake, ikiongezwa moja. Zikijaribiwa kwa zamu, 61 ikigawanywa kwa saba huacha baki ya 5, 121 huacha 2, 181 huacha 6, 241 huacha 3, na 301 haiachi kitu, kwa kuwa ni mafungu saba ya vipande 43. Majibu mengine hupatikana kwa kuongeza 420 kila mara, yaani 721, 1,141 na kuendelea bila mwisho, ingawa mwenye kukata nyama ya ng'ombe mmoja vipande 1,141 atakuwa amekwisha kuifanya ya sambusa.

Fumbo hili lina nasaba ndefu. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufia Kairo yapata mwaka 1040, ambaye ulimwengu humkumbuka zaidi kwa utafiti wake wa nuru na macho, alilishughulikia na kugundua kwamba njia mojawapo ya kulipata jibu ni kuzidisha moja, mbili, tatu, nne, tano na sita pamoja, jambo linaloleta 720, kisha kuongeza moja; na akaona kwamba hilo haliishii kwa saba tu bali hushika kwa kila namba tasa. Zaidi ya miaka mia saba baadaye, mwaka 1770, mwanahisabati Waring alilichapisha jambo hilohilo Uingereza kwa jina la mwanafunzi wake John Wilson, na mwaka uliofuata mwanahisabati mwingine, Lagrange, akalithibitisha, hivyo hadi leo vitabu huliita nadharia ya Wilson. Kati ya hao, mwaka 1202, Leonardo wa Pisa, maarufu kwa jina la Fibonacci, ambaye alijifunza hesabu kwa Waarabu katika mji wa bandari wa Bugia, Algeria ya leo, alilitia fumbo hilo katika kitabu chake cha hesabu pamoja na jibu lake la 301.

Jibu hilo likiachwa katika karatasi, kazi imekwisha. Likipelekwa Koboko, kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu kugawanya kuna maana mbili ambazo alama ya hesabu huzificha chini ya sura moja. Katika maana ya kwanza, idadi ya wapokeaji inajulikana na kinachotafutwa ni ukubwa wa fungu: watu ni saba, kila mmoja apate vipande vingapi? Katika maana ya pili, ukubwa wa fungu unajulikana na kinachotafutwa ni idadi ya mafungu: kila fungu ni vipande saba, je, yatapatikana mafungu mangapi? Mama anayepanga nyanya sokoni Arua hufanya hesabu ya aina ya pili, kwa kuwa ameamua mapema kwamba fungu la bei fulani ni nyanya nne au tano, naye hahitaji kujua wanunuzi watakuwa wangapi wala ni akina nani. Baki ikitokea, huiweka juu ya fungu la mteja aliyembembeleza, na hiyo huwa nyongeza. Washirika wa ng'ombe hufanya ya aina ya kwanza, ambamo watu hutangulia na mafungu hufuata. Vipande 301 vinaweza kuwa mafungu saba ya 43 au mafungu 43 ya vipande saba, na kwa kuwa 43 nayo ni namba tasa, hakuna mgawanyo mwingine ulio sawa zaidi ya huo, ukiacha kumpa mtu mmoja vyote au kuwapa watu 301 kipande kimojakimoja.

Hata hivyo nyama si nyanya, na hapo ndipo usawa wa idadi unapoachana na usawa wa haki. Turubai likishatandikwa chini ya mwembe na ng'ombe akishachunwa, mgawaji mzoefu haanzi kwa kuhesabu bali kwa kutenganisha: mapaja upande mmoja, mbavu upande mwingine, mifupa ya miguu, shingo, utumbo uliooshwa, ini peke yake. Kisha huanzisha mafungu saba kwa mifupa mikubwa, kwa kuwa ndiyo isiyokatika kwa urahisi. Fungu lililopata mfupa wenye nyama chache huongezewa kipande cha paja, lililopata mbavu nono hupunguziwa. Na ini, ambalo ni dogo na kila mtu analitazama, hukatwa vipande saba vyembamba ambavyo hupita juu ya mafungu kimoja baada ya kingine, huku kisu kikirudi mara mbili au tatu kwenye kile kinachoonekana kuzidi upana wa kidole. Mafungu saba ya vipande 43 yanaweza kuwa na dhuluma kubwa ndani yake ikiwa moja ni la mifupa mitupu, na wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi, kwa kuliona hilo, walisisitiza kwamba nyama ya washirika ipimwe kwa mizani wala isikadiriwe kwa macho, kwa hofu kwamba kubadilishana nyama kwa nyama bila usawa kunaweza kuteleza hadi katika riba.

Waswahili husema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na methali hiyo, ambayo kwa kawaida hutajwa kwa kukiri tu jinsi dunia ilivyo, inabeba pia tatizo ambalo wanahisabati wameliandikia. Kwa watu wawili dawa yake ni ya kale, kwamba mmoja akate na mwingine achague, ili mkataji awe na sababu yake mwenyewe ya kukata sawa. Mwanahisabati wa Poland, Hugo Steinhaus, aliuliza itakuwaje kwa watu watatu au zaidi, na katika makala aliyoichapisha mwaka 1948 alieleza njia iliyobuniwa na wenzake Stefan Banach na Bronisław Knaster: mtu wa kwanza hukata fungu analoliona kuwa haki yake, kila anayefuata ana ruhusa ya kulipunguza akiliona limezidi, na aliyelipunguza mwisho ndiye hulichukua, kwa hiyo hakuna anayefaidika kwa kukata kubwa wala kwa kunyamaza. Sheria ya Kiislamu ya mgawanyo ilikuwa na dawa nyingine, iliyo fupi zaidi, nayo ni kura: mafungu yakishasawazishwa, kila mshirika hutoa alama yake, iwe jiwe, jani au kizibo cha soda, na mtu asiyejua alama ipi ni ya nani huziangusha moja moja juu ya mafungu. Kiswahili kimeukumbuka usawa huo kwa namna ya pekee, kwa maana neno kura, ambalo asili yake ya Kiarabu ni hiyo bahati nasibu ya kugawia haki, ndilo leo linalotumika kwa uchaguzi wa viongozi.

Kura ikishapigwa, gawana imekamilika, na kila mshirika ana vipande vyake 43. Lakini Idi haijakamilika, kwa kuwa fungu hilo sasa linatakiwa kugawiwa. Kwa kuzifuata aya za sura ya Haji zinazoamuru kula na kulisha, wanazuoni wengi wamependekeza fungu la mwenye kuchinja ligawanyike mara tatu, theluthi ya nyumbani, theluthi ya jamaa na majirani, na theluthi ya maskini, na baadhi yao wameruhusu jirani asiye Mwislamu apate katika theluthi ya pili. Mtu akijaribu kuitekeleza desturi hiyo kwa vipande 43, anakutana tena na lile fumbo: vipande 14 mara tatu ni 42, na kimoja hubaki.

Baki hiyo haikutokana na bahati mbaya ya namba 43. Kwa kuwa vipande vyote kwa jumla huacha baki ya moja vikigawanywa kwa tatu, na kwa kuwa saba yenyewe ni mara mbili ya tatu na moja juu, fungu la kila mshirika halina njia ya kuepuka baki hiyohiyo. Angalikuwa na vipande 103 kutoka katika ile 721, au 163 kutoka katika 1,141, bado angalibaki na kimoja mkononi. Wala hawezi kukimbilia kugawanya nusu kwa nusu, kwa maana fungu lake litakuwa daima namba witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, kinyume cha shufwa inayogawanyika. Hesabu imejua kabla ya kisu kwamba kila mmoja wa washirika saba atarudi nyumbani na kipande kisichokuwa na mahali.

Tatu hiyo inayokataa kukaa sawa ina historia yake katika ardhi yenyewe. Kikakwa huita tatu musala, na karibu na mji wa Koboko, pale ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana, pana mahali paitwapo Salia Musala, jina ambalo maana yake ni mafiga matatu, yale mawe ya kupikia ambayo chungu hakikai bila mojawapo, na ambalo Wakakwa wamelifanya kuwa jina la umoja wao, kwa kuwa wenyewe wamegawanyika katika nchi hizo tatu. Mgawanyo huo ulifanywa kwa hatua: mwaka 1894 Uingereza ilimkodishia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji eneo la Lado, ambalo Nile Magharibi ilikuwa ndani yake, Leopold alikufa Desemba 1909, na mwaka 1910 eneo hilo likahamia Sudan, mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda, na Arua ikawa makao ya wilaya mpya. Katika muda wa miaka 20 nchi moja ilipita mikono mitatu, na mpaka wake na Kongo ukafuata mgongo wa ardhi unaotenganisha maji yaendayo Nile na yaendayo mto Kongo, kana kwamba ukoo nao ungetiririka kwa kufuata mteremko.

Mgawanyo huo ukipimwa kwa kanuni za turubai, kasoro yake haiko katika kutokuwa sawa peke yake, kwani hata mafungu ya Idi hayawi sawa kwa gramu. Kasoro ni kwamba mkataji ndiye aliyekuwa mchaguaji, kwamba hapakuwa na kura, na kwamba waliokatwa hawakuhesabiwa miongoni mwa washirika. Palikuwa na kugawanya ambako hakukuwafanya watu wagawane. Leo barabara ya lami ya kilomita 92 inatoka Vurra kwenye mpaka wa Kongo, inapita Arua na Koboko, na kuishia Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, na anayeisafiri yote anakuwa amevuka nchi za watu ambao jamaa zao wako ng'ambo ya mpaka. Theluthi ya jamaa, kwa Mkakwa mwenye Idi yake Koboko, huenda ikahitaji kuvuka mpaka kabla haijafika chunguni.

Kimebaki kile kipande. Sheria imewabana washirika katika saba, kwa kuwa hapo kila mmoja ana haki aliyoilipia, na imewalegezea katika theluthi, kwa kuwa hapo mtu anatoa kilicho chake, na baki imeangukia mpakani mwa hayo mawili. Washirika wakiamua kukusanya baki zao zote, wanapata vipande saba. Wakivigawanya mara tatu, viwili nyumbani, viwili kwa jamaa na viwili kwa maskini, hubaki tena kimoja, kwa sababu ileile, na safari hii hakuna fungu lingine la kukisukumia. Chini ya mwembe, wakati huo, mchinjaji anaosha visu vyake. Ujira wake amekwisha kulipwa kwa shilingi, kwa maana sheria imekataza kabisa alipwe kwa nyama ya mnyama huyo, hata kwa ngozi yake, na Ali aliyekabidhiwa kusimamia ngamia wa Mtume aliamriwa waziwazi asimpe mchinjaji kitu kutoka humo kama malipo. Lakini mtu aliyekwisha kulipwa haki yake yote ndiye pekee pale ambaye akipewa kipande hicho hakitahesabiwa kuwa sehemu yake, wala deni, wala theluthi ya kitu chochote. Na mshirika anayekifunga katika jani na kumpelekea hajagawanya, wala wao wawili hawajagawana. Amegawa.